Simu yangu ilipitishwa mkono kwa mkono kwenye kikao cha mahari

Admin, jina langu lifiche, ila miji iache kama ilivyo. Waliokuwepo wakisoma watajijua, na wajijue tu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, Mkongo, nimekulia kambini. Sasa naishi Newburg, Louisville, na mama yangu, na nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Baba alifariki tukiwa kambini, hivyo aliyebaki kusimama badala yake ni mdogo wake anayeishi Columbus, baba mdogo wangu. Yeye alitangulia kuja Marekani. Tulipofika sisi, kila tulipoomba nyumba ya kupanga tuliulizwa credit, ile namba inayowaambia wenye nyumba na mabenki kama wewe ni mtu wa kuaminika. Mimi sikuwa nayo. Baba mdogo akaongeza jina langu kwenye kadi yake ya mkopo. Kadi ya pili ikatoka na jina langu, akaiweka kabatini kwake, na mimi sijawahi kununua nayo hata chumvi. Yeye anatumia, yeye analipa kwa wakati, namba yangu inapanda. Nilimshukuru kwa dhati, jamani. Kila likizo nilikwenda kulea watoto wake na sikuona tabu.

Nina mchumba Buffalo. Kule West Side tumepata nyumba ya mbao, ya zamani lakini nzuri, na benki imekubali kutukopesha kwa sababu ya namba yangu, maana namba ya mchumba ni mbovu. Basi wazee wake wakafunga safari hadi Columbus kuzungumza mahari.

Nilikuwa jikoni kwa baba mdogo, na mama na wanawake wengine, nikingoja kuitwa. Kwetu binti huitwa mwishoni, anaulizwa mbele ya wote: unamjua huyu kijana, tupokee mali yake? Hilo tu. Jibu langu nilikuwa nalo mdomoni tangu asubuhi. Nikaitwa, nikapiga magoti. Baba mdogo hakuniuliza. Alisema, "Leta telefone yako. Fungula pale kwa credit, bazee baone."

Nilidhani anatania. Akanyoosha mkono. Nikafungua, kwa sababu watu wote walikuwa wananitazama na mimi nimelelewa kutii. Simu ikazunguka sebule nzima. Mzee mmoja akaisogeza karibu na macho, mwingine akapiga mluzi. Walikuwa wametoka kula mbuzi, hawajanawa.

"Munaona?" baba mdogo akasema. "Hiyo ni kazi yangu. Huyu mutoto si kama bengine. Donc, mahari yake haiwezi kuwa ya burebure."

Nikasubiri upande wa pili waone aibu. Msemaji wao akauliza, "Bon, na akiolewa, hiyo namba itamufuata Buffalo?"

"Nikimuacha mu carte yangu, itabakia juu. Nikimutosha mule, itashuka." Wakacheka. Wakaendelea kupatana, na wakapatana. Lile swali langu hakuna aliyelikumbuka. Simu nilirudishiwa ina mafuta ya mbuzi kwenye kioo. Nikaenda kuifuta chooni. Mpaka leo nikiishika nasikia kinyaa.

Mama nilimwambia. Akasema, "Vumilia, ni yeye tuko naye." Namwelewa, lakini imeniuma.

Kilichonimaliza ni mchumba wangu. Alikuwemo sebuleni, simu ilipita hata mikononi mwake. Nilipomlalamikia nje, kwenye gari, akashangaa. "Wewe na hasira ya nini? Ni vile bazee banaongeaka. Tungoje kwanza nyumba, kisha utajitosha mu carte yake." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenipa ushauri mzuri. Kisha akaniuliza kama namba hiyo inaweza kupanda tena kidogo kabla ya kusaini.

Ndugu zangu, nimeshaulizia benki. Kujitoa ni simu moja, hata idhini ya baba mdogo haihitajiki. Lakini nikijitoa sasa namba itashuka, mkopo utakwama, ile nyumba atachukua mwingine. Baba mdogo atasema nimemtukana, na hakuna mtu mwingine wa kukaa kwenye kiti cha baba siku ya harusi. Nikibaki, nitaolewa na watu walionikagua kama mbuzi wa mnadani, na aliyenikagua pamoja nao ndiye nitakayelala naye.

Msiniambie niombe Mungu. Nimeshaomba. Niambieni kitu kimoja: nipige hiyo simu kabla ya harusi, namba ishuke, nione ni nani kati yao atakayekuja tena kuniuliza kama namjua huyu kijana?