Siku Mke Mwenzangu Alipolitaja Jina

Aliyetaka kutuibia kilima ni karani wa chifu. Nasema wazi, maana alikufa akiheshimiwa, na wote wa siku ile wamekwisha, nimebaki mimi.

Kilima chetu, upande wa Sop Sop, kinaitwa kwa jina la baba mkwe wetu. Ndiye aliyekifyeka kwanza, akazika wazazi wake huko. Na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe. Mimi na mke mwenzangu, yule mkubwa aliyetoka Sikuda, kilima tulikiita "kule juu" tu. Karani alilijua hilo vizuri. Alikuwa jirani, ng'ambo ya kijito.

Ndiyo maana alimleta mzungu wa ramani siku ambayo wanaume wote walikuwa kwenye kazi ya barabara ya serikali. Mzungu akasimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akafungua daftari. Karani akatugeukia kwa lugha yetu, anacheka.

"Shemeji zangu, kilima hiki kinaitwaje?"

"Ngoja wenyewe warudi," mke mwenzangu akasema.

"Bwana hangoji mtu. Leo analala Osukuru. Semeni basi! Au mmekatwa ndimi?"

Mimi niliinama, nikaendelea kupepeta wimbi. Jina lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Na nilijua kabisa: likiandikwa jingine, malisho yamekwenda, na makaburi yamekwenda.

Karani akamwambia mzungu kwa Kiswahili, "Hawa hawajui kitu. Kilima ni cha babu yangu." Akataja jina la babu yake. Penseli ikaanza kutembea.

Alisahau kwamba mke mwenzangu aliuza vyungu sokoni Busia miaka mingi. Kiswahili chake kilimshinda karani mwenyewe. Alimweka chini mtoto aliyekuwa amembeba, akaenda mpaka mbele ya mzungu.

"Bwana, futa. Huyu mwongo."

Akalitaja jina. Mara tatu, kwa sauti, mkono ukionyesha makaburi, jasho linamtoka kama mwenye homa. Sijaona tena mtu jasiri namna ile.

"Mwanamke hana adabu huyu!" karani akafoka.

"Adabu yangu ndiyo uliyokuja kuitumia kuiba kilima."

Mzungu akafuta, akaandika upya.

Wazee waliporudi walimtoa jikoni kwa kuvunja mwiko. Hakugusa chakula cha nyumbani mpaka alipokwenda kwao Sikuda kwa miguu, akarudi na mbuzi wa utakaso. Hakulalamika hata kidogo. Siku mbuzi alipochinjwa, baba mkwe aliongea kutoka nyuma ya ukuta wa nyumba yake:

"Mwambieni huyo mama, mimi nilikuwa mbali barabarani, sikusikia vizuri. Alitaje tena."

Wazee walicheka mpaka wakakohoa.

Hakulitaja tena. Amezikwa kule juu, katikati ya wazee, mahali ambapo wake hawazikwi. Baba mkwe aliagiza hivyo mwenyewe. Mimi nitazikwa huku chini, kwenye migomba, karibu na pale nilipokuwa nikipepeta wimbi.