Mlenda Usiotiwa Magadi

Nina hasira, na naandika nikiwa nazo. Mjomba ameniambia nisubiri zipoe kwanza. Zikipoa nitaanza kuwaonea watu haya, na nikishaona haya nitaandika uongo.

Nianze na mwalimu wetu wa kemia. Alipotangaza maonyesho ya sayansi ya shule za mkoa, alisema mwenye kitu akipeleke. Mimi niko kidato cha tatu, nakaa dawati la nyuma karibu na dirisha, na kwa miaka mitatu sijanyoosha mkono hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nasubiri kengele. Siku ile pia sikunyoosha. Nilimfuata baadaye nje ya ofisi ya walimu, nikampa daftari huku naangalia viatu vyake.

Ndani ya daftari lile kulikuwa na kazi ya miezi miwili. Kisa chake ni mjomba, mdogo wake mama, ambaye anapima damu kwenye maabara ya hospitali. Siku moja alikuja kula kwetu Mirongo akanieleza wanavyopima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Damu ya mgonjwa na ya mzima kwa macho ni ileile, lakini ukiivuta kwa umeme ndani ya kitu kama uji ulioganda, moja inatangulia na nyingine inachelewa. Akasema wenzetu wa nje siku hizi wanatumia mrija mwembamba kuliko unywele. Ndani wanaujaza majimaji yenye molekuli ndefu kama nyuzi, zimesokotana, na kila kinachovutwa humo lazima kijipenyeze. Vyepesi vinapita, vizito vinanaswa nyuma, mwisho vinaachana.

Nilimuuliza hayo majimaji yanafananaje. Akaangalia sahani yake, akachovya tonge kwenye mlenda, akaliinua. Uzi ukavutika hadi kidevuni.

"Kama huu," akasema, na mama akamwambia aache kuchezea chakula.

Yeye alikuwa anatania. Mimi nilichukua bomba la kalamu, lile la plastiki linaloonyesha ndani, nikatoa mrija wa wino, tundu la ubavuni nikaliziba kwa nta ya mshumaa. Nikalijaza mlenda na kulilaza, kila ncha ikiingia kwenye kifuniko cha chupa ya dawa chenye mlenda pia. Ndani ya kila kifuniko nikatumbukiza kijiti cheusi cha mkaa nilichotoa kwenye betri mbovu. Umeme niliupata kwa majirani: betri thelathini za redio zilizokwisha, nikazianika juu ya bati kama dagaa hadi zikapata nguvu kidogo, nikazipanga mstari mmoja kwenye kipande cha mwanzi.

Kitu cha kuchambua nilikitoa dukani. Tangu kila mtu aruhusiwe kuleta bidhaa anazotaka kutoka nje, maduka ya mtaani kwetu yamejaa pakiti za unga wa juisi, na wadogo zangu wanakunywa ile ya kijani mpaka ndimi zinabadilika rangi. Nilitaka kujua wanakunywa nini.

Wiki mbili nilishindwa. Nikiunganisha betri, bomba linapata moto, povu linatoka, mlenda unakuwa maji matupu na rangi inatapakaa kote. Nilibadilisha betri, nikabadilisha bomba. Mjomba alipokuja tena aligusa lile bomba, akalamba tone moja la mlenda.

"Umetia magadi," alisema.

Nilishangaa, maana kwetu magadi hayatiwi kwenye mlenda kama kitu cha kuongeza. Ndiyo mlenda wenyewe. Sijawahi kuona mtu akiuweka jikoni bila magadi. Mjomba akaeleza kwamba magadi yanapitisha umeme mwingi mno, umeme unachemsha bomba, na mlenda ukichemka unalegea, hauna tena nyuzi za kumzuia mtu. Nikamwomba mama anipikie usio na magadi. Mama akasema hayo ni majani ya mbuzi, hawezi kuyapika akiwa na akili zake.

Basi sikupika. Nililoweka majani makavu kwenye maji ya mvua, nikakamua kwa kipande cha kanga, nikapata ute mwembamba unaoonyesha. Nikajaza, nikaweka tone la kijani upande mmoja, nikaunganisha. Dakika kumi hakuna kitu. Baada ya nusu saa kulikuwa na kipande cha njano mbele na kipande cha bluu nyuma, na katikati yao hapakuwa na rangi. Ndani ya pakiti ile hakuna kitu cha kijani. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Kisha nikaandika kwenye daftari, nikapigia mistari mitatu: mlenda usitiwe magadi.

Mwalimu alikaa na daftari siku tatu, akaniita ofisini. Nilimkuta na kaka mkuu, ambaye tayari alikuwa na daftari langu mikononi. Kaka mkuu ni wa kidato cha nne, anasoma tuisheni jioni kwa mwalimu huyohuyo, na Kiingereza chake kinatiririka. Mwalimu alisema kazi ni nzuri sana, ataiwasilisha kaka mkuu, mimi nitasaidia kubeba vifaa. Akasema majaji wanataka mtu anayejiamini na anayejua lugha.

"Wewe binti hata tukiita majina unaitikia kwa kichwa," alisema. "Utasimama mbele ya watu useme nini?"

Nikasema, sawa mwalimu. Hayo maneno mawili nayachukia kuliko kila kitu nilichowahi kusema. Nimeyasema maisha yangu yote.

Wiki ile niliona wanavyolifanya daftari langu. Kila palipoandikwa mlenda, mwalimu alikata kwa kalamu nyekundu akaandika majimaji ya mimea. Ule mstari wa magadi aliukata wote. Alisema majaji hawakuja kusikiliza habari za jikoni.

Siku moja kaka mkuu alinisimamisha kwenye korido akiwa na wenzake wawili. Akauliza, "Dada, hivi huu mlenda unaandaliwaje?" Kabla sijafungua mdomo mmoja wao akasema nisiulizwe, nitalia, wakacheka. Nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia kaka mkuu akisema basi, atamwambia dada wa kazi wa kwao, hata yeye anajua kupika mlenda.

Ningeweza kugeuka. Sikugeuka.

Maonyesho yalikuwa Butimba, kwenye ukumbi mkubwa, meza zimepangwa kwa kila shule. Mimi nilibeba mwanzi wa betri, na kwenye mkoba nilikuwa na chupa ndogo ya ute wangu mwenyewe. Sijui niliibebea nini. Nadhani sikutaka kuiacha nyumbani kama vile haihusiki.

Kaka mkuu alifungua kopo lake. Ulikuwa mlenda mzuri kwa kula: kijani kibichi, unang'aa, unavutika. Niliujua palepale. Hata harufu ya magadi niliipata. Chupa yangu ilikuwa mkobani, hatua mbili kutoka aliposimama.

Nikanyamaza. Najua tofauti ya kunyamaza kwa aibu na kunyamaza kwangu kwa siku ile. Nilitaka jaribio liharibike mbele ya watu.

Na likaharibika. Majaji walifika watatu, mmoja mama mtu mzima mwenye miwani. Kaka mkuu alizungumza vizuri, sina la kusema. Alipounganisha betri, bomba likaanza kutoa povu, ute ukawa maji, kijani kikamwagika chote kwenye kifuniko. Yule mama akagusa bomba akaondoa kidole haraka. Akauliza mbona lina moto. Kaka mkuu akamtazama mwalimu.

Mwalimu akacheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi. "Mtusamehe," alisema. "Huo mlenda ameuandaa yule binti pale. Ndivyo wanavyopika kwao."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeibiwa kazi na nikasema sawa mwalimu, sasa napewa na kosa.

"Sikuupika mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Sikuupika mimi, mwalimu. Huo umetiwa magadi. Niliandika usitiwe, ukakata."

Mwalimu alisema tutayazungumza shuleni. Lakini yule mama alikuwa bado ananiangalia. Akauliza, kwa Kiswahili, kama ninao mwingine. Nikatoa chupa. Akauliza inachukua muda gani, nikamwambia nusu saa. Akasema hawawezi kusubiri, ila atakapomaliza mzunguko atapita tena.

Mwalimu aliondoka akawafuata majaji. Nikaosha bomba kwa maji ya kunywa ya mtu, nikajaza upya. Nta ikavunjika mara mbili. Kaka mkuu akashika mwanzi wa betri bila kuombwa.

"Mimi sikuambiwa habari za magadi," alisema.

"Hukuniuliza vizuri."

Tulikaa pale nusu saa nzima tunaangalia bomba la kalamu. Njano ilipoanza kujitenga aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Alikuwa ameyakariri yote kwa Kiingereza na hakuwahi kuyaona.

Mama mwenye miwani alirudi peke yake, pochi begani, watu wameanza kukunja vitambaa vya meza. Aliangalia muda mrefu. Aliniuliza maswali matatu, nikajibu kwa Kiswahili, na neno mlenda nikalitaja kama lilivyo. Akasema alama za meza yetu zimeshaandikwa na hawezi kuzibadilisha. Aliniuliza jina, nikalitaja. Akaliandika kwenye karatasi yake pembeni. Hiyo karatasi sijui iliishia wapi.

Shule yetu haikupata kitu. Cheti cha kushiriki kina jina la kaka mkuu.

Getini nilimkuta mwalimu akisubiri gari, daftari langu lipo kwapani kwake.

"Shikamoo mwalimu. Naomba daftari langu."

Akasema nilifuate kesho ofisini.

"Naomba sasa."

Alinitazama kama mtu aliyeona dawati limesema. Akanipa.

Sasa liko hapa mbele yangu. Nimejaribu kuifuta ile kalamu nyekundu, haifutiki. Nimeandika chini yake, kwa wino wa bluu, mlenda usitiwe magadi, na chini ya hapo nimeandika kwamba nilijua na nikanyamaza, kwa sababu hilo nalo ni sehemu ya kilichotokea. Mama ameita chakula. Naunusa mlenda kutoka huku, ameutia magadi, na nina njaa.