Butiki Yangu ya Kilembwe

Hakuna kitu cha dunia hii kinaweza kunishangaza. Wenye wivu watasema ninajivuna, waseme. Vita ya kwanza ilinikuta ninauza chumvi kwa kijiko sokoni Baraka. Vita ya pili ilinikuta na butiki yangu, duka la mabati, nikalipa kodi kwa serikali mbili siku moja, na zote mbili zikanipa risiti yenye muhuri. Ile vita ingine, ambayo mpaka leo hatujakubaliana jina lake, ilinikuta kwenye intaneti. Mimi niliyeacha shule darasa la nne! Wale niliokaa nao benchi moja wakaendelea mpaka diplome, leo wananiita shefu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndugu zetu waliokimbilia ng'ambo walifungua butiki yangu kwenye simu, wakaona picha ya rafu zangu, wakachagua unga wa muhogo, ndakala, vile visamaki vikavu vya ziwa, mafuta ya mawese. Walilipa kulekule, na mama zao wakaja kuchukua kwangu Baraka. Niliwaza hiyo peke yangu, hakuna profesa aliyenisaidia.

Lakini mtu wetu akiwa mbali anapenda jina la kwao. Wa Nundu anataka kuona Nundu, wa Lubondja anataka Lubondja. Basi nikamwambia fundi wangu wa intaneti, mama mmoja wa Uvira mwenye mdomo, aipe butiki ileile anwani nne: Baraka, Nundu, Lubondja na Kilembwe. Picha zilezile, bei zilezile, jina la juu tu ndilo lilibadilika.

— Papa, ile mashini batu banatafutia bitu kwenye intaneti itakuta kurasa ine za kufanana, akasema. Itabakisha moja, zingine itaficha.

— Ibakishe ya Baraka. Mi iko Baraka, kila muntu anajua.

— Mashini haiko muntu wa Baraka, Papa.

Kweli, ilichagua Kilembwe. Watoto wa Kilembwe walioko ng'ambo wana makelele. Kila Jumapili baada ya ibada walikuwa wanatumiana anwani yao na kuwachokoza wengine kwamba kwao kumekuwa mji. Mashini ilipoona anwani ile inatajwa kila mahali, ikaamua hiyo ndiyo butiki ya kweli. Tangu hapo, aliyetafuta ndakala za kwetu Fizi alionyeshwa Kilembwe peke yake. Oda zikaongezeka. Nilinenepa.

Sasa, Kilembwe wakati ule ilikuwa mikononi mwa komanda mmoja wa msituni, na mimi huko sikuwa na hata meza. Asubuhi moja akanipigia.

— Ni wewe njo mwenye ile butiki kubwa ya hapa kwetu?

— Komanda, butiki yangu iko Baraka.

— Mudogo wangu wa ng'ambo amenitumia picha. Ananicheka! Anasema, munalia njaa na butiki kama hii iko kwenu? Imeandikwa Kilembwe. Batu bangu bametafuta mpaka ndani ya mihogo. Umeificha wapi?

— Haijafichwa. Haiko.

— Gérant wako vilevile anasema haiko. Bote munajua kudanganya.

Huyo aliyemwita gérant, msimamizi wa butiki yangu, alikuwa mzee mmoja mwenye meza ya chumvi na viberiti, mfanyabiashara pekee aliyebaki Kilembwe. Hatukuwa tumeonana hata siku moja. Komanda alikuwa amemfunga tayari, akasema yeye na askari wake wanahama keshokutwa: nisipolipa kodi ya butiki, mzee atabeba masanduku ya risasi mpaka mlimani. Kwa umri wake, asingerudi.

Nikakimbia kwa fundi. Akaandika ndani ya zile kurasa tatu zingine kwamba butiki mama ni ya Baraka, halafu akatengeneza kwamba anayefungua anwani ya Kilembwe anapelekwa Baraka palepale. Mashini ya kutafuta ingepita kusoma siku yake, alisema, lakini komanda angeona sasa hivi. Nikampigia kwa furaha.

— Komanda, fungua tena ile anwani. Utaona Baraka.

Akafungua.

— Imehama.

— Haikuhama, Komanda…

— Jana ilikuwa hapa, leo iko Baraka. Barabara ni moja, bariere ni yangu. Ilipita na kamyo gani?

Nikamsikia anawafokea vijana wanaolinda kizuizi chake cha barabarani, lori limepitaje, na mmoja wao anaapa kwa tumbo la mama yake kwamba hakulala. Hapo nikaelewa kwamba ukweli hautamtoa mzee. Nikatumia akili ambayo haifundishwi darasani.

— Komanda, nisamehe. Kamyo ilipita. Nitalipa kodi yake ya bariere.

— Tani kumi!

— Kwa barabara ile? Tani mbili.

— Rafu zinafika mpaka juu, mi nimeona!

— Za mbele tu. Za nyuma ni makartoni matupu.

Hiyo, kwa bahati mbaya, ilikuwa kweli. Tukaangukia tani tatu.

— Na batu ba juu ya mizigo?

— Hakukuwa na muntu.

— Kamyo ya Kongo bila batu juu? Unaona vile unadanganya!

Alinishika, ninakubali. Nikakubali abiria sita juu, nikakataa katakata kuweka mbuzi.

Nikatuma makuta, pesa za kodi hiyo, kwa simu. Kabla ya jioni komanda akanipigia tena, akampa mzee simu ili nisikie kwamba amefunguliwa. Nilingoja asante.

— Shefu, akasema, mi nimekuwa gérant wako siku tano, na kofi nimekula. Mushahara iko wapi?

— Mzee, mi sikukuandika kazi!

— Komanda ameniandika. Na meza yangu ya chumvi batu bake bamekula yote sababu ya butiki yako.

Nikamtumia na yeye. Bariere, kamyo ya tani tatu, abiria sita wa juu, mshahara wa gérant na chumvi yake, jumla: dola mia mbili thelathini na saba na franka mia tano.