Mbuzi Asiye na Chumvi

Nianze na upumbavu wenyewe, maana hata nisiposema mimi, Mkunya nzima itawasimulia: niliwapikia wageni sufuria zima la mbuzi bila kutia chumvi hata punje, kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu, kwenye sherehe ya kuwatoa jandoni watoto wa mjomba.

Msinicheke kwanza. Kwetu mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye chakula, wanasema atakayekula atakohoa mpaka mbavu zimuume, kwa hiyo unamwita mtoto mdogo aje akutilie. Nyumbani kazi hiyo ni ya mdogo wangu Issa, ambaye miezi ile alikuwa anatia karibu kila jioni kwa mkono wake wa kuchezea mchanga (mimi nikidhani mama anamdekeza tu, nikambatiza Bwana Chumvi). Sasa ukimwita mtoto mbele ya watu, umeshajitangaza. Na mimi nilishamwita Issa wiki iliyotangulia, tulipowapikia wanawake waliokuja kutwangia sherehe hiyohiyo, wote wakiona.

Basi siku yenyewe, mbuzi anachemka, nikaenda chooni nikakuta doa. Dogo, la kahawia, kama mtu kadondosha maji ya bibo la mkorosho. Nikalitazama, nalo likanitazama. Siku zangu zilishakwisha, sasa hili linatafuta nini? Nikitia chumvi, wageni wakikohoa lawama yangu. Nikimwita Issa tena, wanawake watauliza siku gani hizo zinazorudi kabla hazijafika. Nikaamua (hapo ndipo akili iliponiaga) kunyamaza, nikiamini kwamba katika wanawake wote wale waliojazana jikoni atatokea mmoja mwenye ulimi wa kuonja.

Hakutokea. Chakula kikapakuliwa. Mjomba akatia tonge, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Mpishi nani?"

Nami kwa kiherehere changu nikajibu kwa sauti, "Ni mimi, mjomba, shikamoo! Chumvi siku hizi iko soko huria, kila mtu ajitafutie!"

Ulikuwa msimu ule wanunuzi binafsi walipoingia kugombea korosho zetu, korosho zimeshauzwa, soko huria liko midomoni mwa kila mtu, kwa hiyo wanaume wakacheka mpaka wakapaliwa. Shangazi Rukia, dada yake baba, hakucheka. Akanivuta nyuma ya jiko.

"Juzijuzi ulimwita Issa. Leo hukutia wala hukumwita. Una nini wewe?"

"Nimeona doa, shangazi."

"Doa? Si ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Basi mimba hiyo inataka kuharibika!"

Alinong'ona, lakini mnong'ono wa Shangazi Rukia unasikika mpaka Newala mjini. Kabla watu hawajamaliza kunawa (na huku kwetu maji ni ya shida, kunawa hakuchukui muda) mimba yangu ilishapata miezi, na baba ilishapata: yule kijana wa mizani wa wanunuzi wa korosho. Jamani! Kijana huyo mimi namjua kwa jambo moja tu, kutuibia kilo! Niko kidato cha pili, na binti akisemwa ana mimba shuleni anafungasha madaftari, hakuna wa kumsikiliza. Na katika midomo yote ile, hata mmoja haukuniuliza mimi kama jambo lenyewe linawezekana.

Nikapelekwa zahanati mchana kweupe, shangazi mbele kama kiongozi wa ngoma, mama anafuata akitazama chini, nyuma wanawake mikono bado ina mafuta ya mbuzi, na Issa anakimbia kandokando akiuliza kwa nguvu, "Dada anaumwa chumvi?"

Nesi, mama mmoja mgeni kutoka Iringa, akawatoa wote nje akamwacha mama tu. Akaniuliza polepole yale ambayo hakuna aliyejali kuyauliza, akapima mkojo, kisha akafungua mlango ili waliotega masikio wasikie vizuri.

"Mimba hakuna. Msichana aliyeanza siku zake karibuni, mwili bado haujashika ratiba, tone likitokea katikati si ajabu. Likirudirudi, likiwa jingi au likija na maumivu, mleteni. Ila mtu mzima akiona damu nje ya siku zake, au zikawa haziishi, asikae nayo nyumbani akiona haya. Aje tumwangalie."

Mama akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Shangazi yeye akasema, "Haya, si ungesema mapema, tungekula mbuzi mwenye chumvi."

Hiyo ndiyo pole niliyopewa! Mimba ile iliingia kila nyumba kwa miguu ya watu wazima wenye heshima zao, lakini wakati wa kutoka ikakosa wa kuisindikiza. Mpaka shule zinafunguliwa nilikuwa natembea nimevuta tumbo ndani kama askari kwenye gwaride. Nimeapa: mwili wangu ukiniletea swali, naenda kuuliza kwa mwenye kujua, na mzaha nauacha nyumbani. Na mbuzi wao wa sherehe wampike wenyewe.

Jioni ile mama aliinjika kisamvu. Mambo haya kwetu mama hazungumzi na binti yake, kuna kungwi wa kazi hiyo, kwa hiyo sikutegemea neno. Issa akaja mbio kama kawaida yake, akachota chumvi, akatia, akatumwa akacheze. Mama akakoroga kwa muda mrefu bila kuniangalia. Halafu akasema:

"Sharifa, kesho asubuhi utanisindikiza kwa yule nesi, na shangazi yako asijue. Huyu Issa ananitilia chumvi tangu mikorosho inachanua."