Kelele ya Pikipiki ya Mpiga Picha

Baba yao ndiye aliyewabandika mabinti zake wawili majina yale. Mkubwa, aliyeweza kuinua injini ya pikipiki kutoka sakafuni na kuitua mezani bila kuomba msaada, alimwita Tingatinga. Mdogo, mwembamba, mwenye vidole virefu vinavyopenya pale ambapo spana inakwama, akamwita Sindano. Majina yakawaganda kama grisi. Mteja akifika gerejini akiulizia majina yao ya kuzaliwa, aliambiwa watu hao hawapo.

Gereji ilikuwa banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba yao, na Tingatinga alikulia humo. Mama yao alipofariki, Sindano alifungasha akaenda mji mwingine kufanya kazi kwenye gereji kubwa. Tingatinga akabaki. Ndiye aliyempikia Baba, akamchua mgongo ulipoanza kumsumbua, na mgongo ulipogoma kabisa kuinama, akawa mikono ya gereji huku Baba akibaki kuwa mdomo wake, ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, akiamuru na kutania wapita njia.

Kisha Sindano akarudi, na begi moja la nguo na sanduku la vifaa vinavyong'aa. Baba alicheka siku ile mpaka akafuta machozi. Asubuhi iliyofuata Tingatinga alikuta nyundo zake na spana zake zimesukumwa upande mmoja wa meza, zimelundikana kama kuni, na upande wa pili umefutwa vizuri ukingoja vifaa vya mdogo wake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Baba alisema, uso umemnawiri.

Tingatinga alitabasamu kwa meno tu. Moyoni alijisemea: kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Akimpelekea Baba chai, swali la kwanza lilikuwa, "Sindano amekunywa?" Akifufua injini iliyokuwa imekufa, Baba alisema, "Haya." Sindano akibadilisha taa ya nyuma, Baba alimwita jirani aje aone. Tingatinga alijionea aibu, mtu mzima kuhesabu vicheko vya baba yake, lakini alivihesabu. Hata namna Sindano alivyopanga spana zake, kubwa hadi ndogo, ilimkera. Alitamani zianguke.

Kitu kimoja tu kilimfariji: pikipiki ya mpiga picha.

Aliiunda mwenyewe, kabla mdogo wake hajarudi. Mpiga picha huyo alikuwa akizunguka kwenye harusi na mke wake, mke akikaa nyuma na taa, vyuma vya kusimamishia kamera na begi la nyaya. Alitaka pikipiki ndefu, na dukani hakuna ya namna hiyo. Basi Tingatinga alichukua injini ya pikipiki moja na tangi la nyingine, akatengeneza kiti kirefu, na ule mkono wa nyuma, yaani vyuma viwili vinavyolishika gurudumu la nyuma, akaukata akauongezea urefu na kuuchomelea upya. Siku ilipotoka, mtaa mzima ulisimama kuitazama. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Ndiyo maana Tingatinga alishtuka mpiga picha aliporudi nayo.

"Inalia, fundi," alisema.

"Inaliaje?"

"Inaguna. Kama mzee anayeamshwa usingizini. Nikiongeza mafuta inageuka: kra, kra, kra."

Tingatinga aliipanda, akazunguka nayo mtaa, akarudi. Haikutoa hata mguno. Akaipandisha kwenye stendi, akazungusha gurudumu, akaweka sikio. Kimya.

"Pikipiki yako ina haya mbele ya wageni," akasema.

Mpiga picha hakucheka. Alifungua mdomo kama mwenye neno, akaufunga. Pale kwenye kiti chake, Baba akakohoa.

"Mpe Sindano aisikilize. Jicho la pili si baya."

Tingatinga alisikia masikio yakimwaka moto. Kazi yake, chuma alichokikata kwa mkono wake, apewe mwingine aikague! Lakini hakubishana. Aliifuta mikono, akasogea kando, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Sindano alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye kifuniko cha klachi, mpini akauweka sikioni. Akahamia kwenye giaboksi, kisha kwenye ekseli ya nyuma. Alifumba macho kama anayesali. Tingatinga alimtazama kwa pembeni akamwomba Mungu mdogo wake asisikie kitu, kisha akaomba msamaha kwa dua ile, kisha akairudia.

"Cheni," Sindano alisema. "Imechakaa, na meno ya sproketi yamelika."

Akabadilisha cheni na sproketi zote mbili, yaani magurudumu madogo ya meno yanayoishika cheni mbele na nyuma. Baba akasema, "Mnaona kazi hiyo?" ingawa aliyekuwapo pale ni Tingatinga peke yake. Mpiga picha akaondoka nayo, na kabla wiki haijaisha akarudi nayo. Inalia vilevile.

Tingatinga alilala vizuri siku hiyo.

Sindano sasa akaamua kuifungua giaboksi. Alipokwenda dukani kutafuta gasketi, na Baba amejilaza ndani, alikuja gerejini mwanamke mwenye mwili wake na sauti yake, akasimama mlangoni ameshika kiuno. Alikuwa mke wa mpiga picha.

"Nyinyi mafundi mnachekesha," alisema. "Mnaisikiliza pikipiki ikiwa haina mtu! Ile inalia nikipanda mimi. Nikishuka, kimya. Mume wangu analijua hilo tangu siku ya kwanza, ila hathubutu kulisema. Anaogopa nitadhani ananiita mnene!"

Tingatinga alicheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu alielewa. Ugonjwa ulikuwa kwenye uzito wa nyuma, si kwenye injini.

"Ahsante, dada yangu. Nitamwambia mdogo wangu."

Sindano aliporudi, jasho linamtoka, aliuliza, "Nani alikuwa hapa? Naona nyayo."

"Mtu tu," Tingatinga alijibu. "Alikuwa anapita."

Neno lilitoka jepesi, likamshangaza mwenyewe. Alijiambia angemweleza jioni. Jioni ilipofika, Baba alikuwa anacheka na Sindano mlangoni, na Tingatinga akaona hakuna haja ya kuharibu maongezi ya watu.

Sindano alifungua giaboksi, akatoa kila kitu, akakipanga juu ya gunia safi. Akakuta beringi moja, ile inayoushika mhimili wa sproketi ya mbele, imekwaruzika.

"Dada, njoo uone," aliita. "Hii imeumizwa. Lakini nini kinaiumiza? Mafuta yapo. Haina mwaka."

Tingatinga aliigeuza beringi mkononi. Sasa alijua zaidi: kitu kilikuwa kinauvuta mhimili ule kwa nguvu kila mke wa mpiga picha anapopanda. Angeweza kulitaja hapohapo.

"Vipuri vya siku hizi," akasema. "Havidumu."

Sindano akaweka beringi mpya, akafunga. Alikuwa hajiamini tena. Alifunga boliti, akaifungua, akaifunga. Baba naye, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, akatania: "Huko mlifundishwa kutengeneza au kubadilisha vipuri tu?" Ulikuwa utani, lakini Sindano aliinamisha kichwa, na jioni hakugusa chakula. Tingatinga alikuwa ameingoja siku kama hiyo kwa hamu. Ilipofika, aliisukuma sahani yake kando. Aliyatazama mabega membamba ya mdogo wake, akakumbuka kwamba alimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na hilo nalo likamkasirisha. Hata kuona wivu kwa nafasi hakuachiwa.

Mchana wa siku iliyofuata mpiga picha na mkewe walikuja wamevaa nguo za kazi, mashati meupe yamepigwa pasi, wanakwenda harusini. Sindano alikuwa ameikaza cheni pikipiki ikiwa kwenye stendi, imenyooka vizuri, haina ulegevu. Mpiga picha akapanda. Mke akapanda na mabegi yake yote.

Tingatinga alikuwa amechuchumaa akiosha mikono kwenye beseni, macho yake sawa na gurudumu. Aliona nyuma ya pikipiki ikididimia. Aliona mkono ule mrefu ukipanda juu, na cheni, ambayo tayari ilikuwa imekazwa, ikivutika mpaka ikawa kama nondo. Mkono ule ulikuwa wake. Alipourefusha hakufikiria kwamba ukibeba watu wawili gurudumu litazidi kwenda mbali na sproketi ya mbele, na cheni haina pa kupata nafasi. Ingelia, ingetafuna beringi, na siku moja, barabarani, katikati ya magari, ingekatika na kulifunga gurudumu.

"Shukeni!" alipiga kelele, akaruka, beseni likapinduka. Alishika usukani kwa mikono miwili yenye sabuni. "Nimesema shukeni!"

"Kuna nini tena?" mke wa mpiga picha alishangaa.

"Cheni. Niliurefusha mno mkono wa nyuma, mkipanda wawili inavutika kupita kiasi. Itakatika."

"Sasa si ndicho nilichokwambia!" mama yule akasema, akishuka na mabegi yake. "Nilikuja hapahapa, nikakwambia inalia nikipanda mimi, ukasema utamwambia mdogo wako!"

Maji ya beseni yalikuwa yakitiririka kuelekea mfereji, na hakuna aliyesogeza mguu. Baba alimtazama Tingatinga. Sindano alimtazama Tingatinga. Mpiga picha, maskini, alitazama kamera yake.

"Pandeni nyinyi wawili," Baba alisema mwishowe, taratibu. "Tuhakikishe kabla hatujakata chuma cha mtu."

Sindano alipanda mbele. Tingatinga alipanda nyuma, na shokapu zikalalamika. Hakuwa na pa kushika ila kiuno cha mdogo wake, basi akakishika. Walitoka polepole. Hawakufika hata kwenye kona, kelele ikaanza: mguno mzito kutoka chini ya miguu, na Sindano alipoongeza mafuta, kra, kra, kra. Sindano akazima injini, akaegesha kando ya ukuta. Walikaa hivyohivyo juu ya pikipiki.

"Uliniona nafungua giaboksi nzima," Sindano alisema bila kugeuka.

"Nilikuona."

"Nikakuita nikakuonyesha beringi."

"Uliniita."

"Kwa nini, Dada?"

Tingatinga alitafuta uongo mzuri, akakosa. "Kwa sababu ulirudi ukapewa kila kitu. Meza umepewa, Baba umepewa, na pikipiki yangu nayo ukapewa. Nikupe na nilichosikia kwa masikio yangu pia?"

Sindano alishuka, akamgeukia. Macho yalikuwa mekundu. "Unadhani Baba ananipenda kuliko wewe? Ananiogopa. Kila nikifunga mlango anauliza naenda wapi. Ananisifu kwa taa ya nyuma, Dada! Taa! Anadhani asiponisifu nitaondoka tena. Wewe hakusifu kwa sababu anajua utakuwepo."

"Basi na mimi niondoke ndiyo nisifiwe?"

Sindano akaangua kicheko kisichokuwa na furaha nyingi. Tingatinga hakucheka, lakini aliposhuka alishika upande wa pili wa usukani, wakaisukuma pamoja mpaka gerejini.

Mpiga picha na mkewe walikwenda harusini kwa teksi. Tingatinga aliikata kazi yake mwenyewe kwa msumeno, mbele ya Baba, na chuma kile kilimuuma kukiona chini kuliko alivyotegemea. Sindano alipima, akapima tena: mkono ukafupishwa, shokapu ngumu zaidi zikawekwa, na safari hii waliikaza cheni Tingatinga akiwa amekaa kwenye kiti cha nyuma kama gunia, Sindano amelala chini na spana.

"Usitingishike, Dada."

"Napumua."

"Basi usipumue."

Baba hakumgombeza binti yake mkubwa. Jioni, Sindano akiwa anaoga, alimwita karibu.

"Mkono ule," alisema, "ulipokuwa unauchomelea, nilikuwa nimekaa hapahapa. Sikuinuka hata mara moja kuutazama. Nilijua wewe huhitaji mtu."

"Nilihitaji, Baba."

"Utanisamehe, mama," akasema, na kwa kuwa hakuzoea maneno ya namna hiyo, akamgombeza mbwa wa jirani aliyekuwa akipita.

Mke wa mpiga picha ndiye aliyekuja kuichukua pikipiki, akapanda nyuma kwa fujo makusudi, akamwamuru mumewe azunguke mtaa. Haikulia. Aliporudi alitangaza kwa sauti kwamba tatizo lilikuwa chuma, si yeye, na mtaa wote usikie.

Haikuwa kwamba Tingatinga aliamka kesho yake moyo umetakata. Baba akicheka na Sindano mlangoni, bado kilimchoma kitu kidogo chini ya mbavu. Tofauti ni kwamba sasa aliweka spana chini akaenda kukaa nao, akauliza, "Mnacheka nini?" Siku nyingine walimwambia. Siku nyingine waliacha kucheka alipofika, na ilibidi avumilie hilo pia.