Salamu za Bibi Kilimani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, na leo nina malori mawili hapa Kilosa. Ila juzi sokoni nilijikuta nasalimia watu nisiowajua, ili tu nisimame kigimbi kiache kuuma. Usiku nikajipaka dawa ya kuchua, na harufu yake ikanirudisha Mamboya, utotoni.

Bibi yangu alikuwa na sukari. Tukipanda kilima kutoka kanisani, alisimama kila nyumba kusalimia, huku akinukia dawa hiyo hiyo, mkono umekamata kigimbi.

"Bibi, unagombea uenyekiti wa kijiji?" jirani alimtania.

"Kura yako siitaki. Nipe kigoda."

Tulicheka wote. Mvua zilizofuata kidole chake kikawa cheusi, mguu ukakatwa.

Nami nina sukari. Asubuhi nikaenda hospitali, daktari akapapasa unyayo wangu wa baridi.

"Mzee wangu, sukari imeanza kuziba mishipa, damu haifiki vizuri huku chini. Umewahi. Mguu huu tutaulinda."

Asante, bibi. Vipimo, dawa na bodaboda, mguu wangu umenigharimu shilingi elfu themanini na sita na mia tano.