Nilitegemea app ya maziwa kumtambua bibi arusi wangu, nikalipa mbuzi

Wakuu, salaam kutoka Nyeri. Hii ni yangu mwenyewe, si ya rafiki ya rafiki. Mashahidi ni ukoo mzima wa wakwe.

Mke wangu Wangeci ni programmer. Tukiwa college alikuwa msichana pekee kwa class yetu. Mtu akisema "yule dem wa coding", hakuna aliyeuliza yupi.

Siku hizi anaongoza team ya app ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mkulima akibonyeza "ripoti tatizo", simu ya Wangeci inalia kama ng'ombe, moooo! Huyo ng'ombe amenikatizia usingizi, na hata sala kanisani.

Sasa ngurario yetu, ile harusi ya kimila ya Wakikuyu, kwao Endarasha, ikafika ile sehemu ya kuogopwa. Wanawake sita wamefunikwa leso gubigubi, mmoja ndiye wako, chagua. Ukikosea ni faini ya mbuzi, na wakwe watakukumbusha mpaka uzeeni. Mama alikuwa ameninong'oneza, "Usituaibishe, tafadhali."

Mimi nikajiona mjanja. Nilikuwa nimepanga na best man wangu, Muriithi: nikikohoa, abonyeze ripoti. Leso itakayolia ndiyo hiyo.

Nikakohoa.

Wakuu, leso zote sita zililia moooo! Ng'ombe wa kweli akaitikia huko zizini. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kumbe Wangeci alijifunika na team yake, na simu zao zote hulia hivyo hivyo. Na si ati sikujua team ni wanawake watupu. Nilijua, lakini kichwani mwangu programmer wa kike bado alikuwa mmoja.

Mara mkono ukachomoza kwenye leso moja, ukaanza kutype kwa kasi. Nikasema ni huyu, nikafunua.

Auntie Nyaguthii! Dada ya mama mkwe, yule aliyefunga duka lake la nguo pale Gatitu akaenda kusomea coding, na sasa yuko kwa team ya Wangeci.

"Leo ni mimi niko kwa zamu," akasema, macho kwa simu. "Ni wewe umeripoti? Tatizo iko wapi?"

"Auntie, nimekosa kuona bibi yangu."

Akaandika, kisha akawasomea watu wote: "App iko sawa. Shida ni mwenye kuitumia."

Hapo leso ya mwisho kwenye mstari ikaanza kutetemeka kwa kicheko. Kile kicheko nakijua tangu college, kila nikiharibu code. Nilimfunua Wangeci karibu nilie. Ningemtambua hata gizani, na bado niliamini simu.

Mbuzi nililipa, na funzo nimelipata: wanawake wa coding wameongezeka, hesabu za zamani tupa.

Sasa ndugu yangu mdogo anasoma computer hapa town, anasema class yao wavulana ni wawili tu. Anataka kuoa classmate. Wakuu wenye ujuzi, nimshauri aangalie nini? Viatu? Maana kwa simu, huyo amekwisha.